Bibi hukaa kipindi kizima cha nyimbo bila kuimba: ameshiriki au hajashiriki?

SWALI: Habari za kazi, dokta. Nafanya kazi kwenye kituo cha kutunza wazee. Kila baada ya shughuli tunajaza daftari: "alishiriki" au "hakushiriki". Tuna bibi mmoja mwenye demensia, ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, imeshafika kiwango cha kati. Kwenye kipindi cha nyimbo anakaa mwanzo hadi mwisho, haimbi, hapigi makofi, hasemi neno. Mwenzangu humwandikia "alishiriki", mimi humwandikia "hakushiriki". Tumebishana mpaka basi. Nani yuko sahihi? Na je, kuna kipimo cha kitaalamu cha jambo hili?

JIBU: Ahsante kwa swali. Mimi ni muuguzi, si daktari, ila swali lako ni la kwetu hasa sisi tunaoshinda na wagonjwa kutwa.

Nyote wawili mnaweza kuwa sahihi. Mwenye kosa ni daftari. Kiswahili kina kushiriki na kina kushirikishwa, na daftari lenu limevichanganya. Bibi aliyeletwa ukumbini akakalishwa kitini ameshirikishwa. Kama ameshiriki, hapo bado hatujajua. Madaftari mengi niliyopitia huhesabu waliokalishwa, kisha yakawaita washiriki.

Vipimo vipo. Mwaka 2009 mtafiti Jiska Cohen-Mansfield na wenzake walichapisha kipimo cha uangalizi kinachofuata mambo machache tu: mtu alipopewa kitu au shughuli alikubali au alikataa, alidumu nayo muda gani, alikuwa makini kiasi gani, alionekana kuifurahia au kuichukia, na alifanya nini nayo, yaani aliishika, aliigeuzageuza, aliizungumzia. Utaona hakuna mahali panapouliza kama aliifanya vizuri. Kipimo kingine, cha Menorah Park, kituo cha wazee cha Marekani, hutenganisha anayefanya mwenyewe na anayefuatilia kwa macho na masikio, halafu anayejishughulisha na jambo lake jingine, na asiyejishughulisha na lolote. Bibi yenu huenda ni wa kundi la pili, na hilo ni kundi halali kabisa la ushiriki. Huenda pia ni wa kundi la nne. Tofauti ya makundi hayo haionekani ukiwa mlangoni na kalamu mkononi.

Nikupe mfano. Niliwahi kumhudumia mzee mmoja tuliyemwekea kikapu cha taulo ndogo za kukunja. Dakika mbili za kwanza alizitazama tu. Kisha akachukua moja, akaikunja, akaikunjua, akalainisha pindo lake kwa kiganja, akaikunja tena. Taulo ile ile moja, zaidi ya dakika kumi. Mwenzangu akaandika "hawezi kukunja", na kweli kikapu kilibaki kama kilivyokuja. Lakini macho ya mzee hayakubanduka mikononi mwake, na mtu alipotaka kukiondoa kikapu, alikivuta kwake. Yule alikuwa kazini. Wiki iliyofuata, taulo zile zile, mikono ikawa inakunja huku yeye anatazama mlango na kuuliza gari linafika saa ngapi. Siku hiyo taulo zilikunjwa nne, na kwangu mimi ushiriki ulikuwa mdogo kuliko wa siku ya taulo moja.

Kwa hiyo msihesabu taulo, wala msihesabu nyimbo.

Tabasamu nalo hudanganya. Wapo wanaotabasamu kwa adabu tu, maana adabu hukaa muda mrefu hata kumbukumbu zikishatoka. Na wapo wasioweza kutabasamu: kwenye demensia ya Lewy, ambayo ni aina mojawapo ya demensia, au ile inayoambatana na Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa mwili, misuli ya uso hukakamaa, basi mtu anafurahia ndani na uso hausemi kitu. Kwa demensia inayoanzia sehemu ya mbele ya ubongo mambo yanaweza kuwa kinyume chake: mtu hushika kila kilichowekwa mbele yake, mkono unakifuata kitu bila hamu yoyote. Ndiyo maana ni lazima ujue aina ya ugonjwa kabla hujamsoma mgonjwa.

Ukimya pia usichukuliwe kuwa utulivu. Kukosa hamu ya jambo lolote ni miongoni mwa dalili za kawaida sana za demensia, na kunaweza kufanana na sonona japo ni vitu viwili tofauti. Dawa za usingizi na za kutuliza fujo humfanya mtu akodoe macho bila kufuatilia lolote. Na kama bibi alikuwa mchangamfu juzi, leo amezubaa au anasinziasinzia, hapo achaneni na daftari. Mabadiliko ya saa chache au siku chache yanaweza kuwa deliriamu, yaani akili kuvurugika ghafla, na nyuma yake mara nyingi kuna maambukizi, maumivu, upungufu wa maji mwilini, choo kigumu au dawa mpya. Apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo.

Kabla ya kuandika "hakushiriki", angalia kwanza miwani iko wapi. Sitanii. Miwani ikiwa kwenye droo, betri ya kifaa cha kusikia ikiwa imekwisha, jua likimpiga machoni, redio ikinguruma chumba cha pili, mnapima vitu hivyo, hammpimi bibi. Cohen-Mansfield huangalia pande tatu pamoja: mtu mwenyewe, kitu alichopewa na mazingira. Huenda nyimbo mnazoimba hazikuwahi kuwa nyimbo zake. Waulizeni ndugu zake.

Sasa namna ya kufanya. Mtazameni dakika tano kabla nyimbo hazijaanza, mjue hali yake ya kawaida akiwa hana cha kufanya. Kisha dakika kumi nyimbo zikiendelea. Wewe na mwenzako mkae sehemu tofauti, kila mtu aandike peke yake, ndipo mlinganishe. Andikeni mlichokiona, tafsiri ije baadaye. Kwa mfano: "Saa 4:10 asubuhi, wimbo wa pili. Amegeuza kichwa kwa mwimbaji. Kidole gumba kinagonga mkono wa kiti, kinakwenda na ngoma. Saa 4:14 amefumba macho, kidole bado kinagonga." Rudieni siku tofauti na saa tofauti, hasa kama ni demensia ya Lewy, ambayo hupanda na kushuka ndani ya siku moja. Akisukuma kitu au akainuka kuondoka, andikeni pia. Kukataa ni jibu.

Mkitaka kwenda mbali zaidi, upo mfumo ulioanzishwa na Tom Kitwood na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bradford, Uingereza, ambapo mwangalizi huandika hali ya mtu kila baada ya dakika 5 na kuipa alama kati ya −5 na +5. Ni mzuri, ila unahitaji mafunzo rasmi. Kipo pia kipimo kifupi cha mwaka 2018 kinachogusa hisia, macho, maneno, vitendo na mahusiano na wengine. Kwa ugomvi wenu wa leo, karatasi na saa ya mkononi vinatosha.

Na jaribuni hili: wimbo ukatizwe ghafla katikati ya ubeti. Aliyekuwa anafuatilia ataonyesha kitu, hata kidogo: kidole kitasimama, macho yatafunguka, kichwa kitageuka. Mkiona hivyo, mwenzako ameshinda. Ikipita mara tatu nne kwa siku tofauti bila badiliko lolote, mpeni bibi kitu kingine kabisa kabla hamjamwandikia lolote.