Kemia inatusaidia nini mtaani? Nakujibu kwa meno yangu

Mkuu, umeuliza kama hii kemia ya mazingira ina faida yoyote kwa mwananchi au ni maneno ya semina tu. Mimi nimekulia Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru. Meno ya kahawia kwetu ni kitambulisho; nikicheka Dar, mtu ananiuliza, "Wewe wa Arusha?"

Chanzo ni floraidi, madini yanayotoka kwenye miamba ya volkano na kuingia majini; ikizidi, inaharibu meno. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na maji mengi ya kwetu yanapita hapo kwa mbali, ingawa ukiyatazama ni maangavu na hayana harufu. Marehemu mama alichemsha kila siku akijua anatulinda. Vijidudu vilikufa kweli, lakini floraidi haipandi na mvuke. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe inabaki na kukolea. Halafu makande tunayatia magadi, ambayo nayo yana floraidi!

Nilichokuja kukielewa ukubwani ni mkaa wa mifupa unaochuja floraidi majini, kazi iliyofanyiwa utafiti palepale jirani, kituo cha utafiti cha Ngurdoto. Mifupa ya ng'ombe ambayo ingeoza machinjioni inachomwa kwenye tanuru lenye hewa kidogo, inapondwa chengachenga na kujazwa kwenye ndoo. Yale madini ya kalsiamu na fosfati ya kwenye mfupa ndiyo hayohayo ya kwenye jino, kwa hiyo maji yakipita, floraidi inang'ang'ania mfupa wa ng'ombe badala ya kusubiri mtoto.

Msidhani ni kuchoma tu kama nyama. Mimi na shemeji tulijaribu nyumbani. Mara ya kwanza moto ulikuwa mdogo: mkaa mweusi tii, maji yakanuka mzoga, mke wangu akayamwaga. Mara ya pili tukazidisha, mifupa ikawa myeupe kama chokaa, na ikishafika huko uwezo wake umepotea. Unataka rangi ya kijivu, moto wa nyuzi 400 hadi 500 hivi za Selsiasi. Tukaachana na ufundi, tukanunua uliochomwa na wanaojua. Jirani Mwislamu aliuliza kwanza mifupa ni ya mnyama gani. Swali la haki kabisa, muuzaji awe na jibu.

Kilichoniumiza ni kingine. Mkaa unashiba floraidi, na ukishiba haunasi tena wala haukwambii. Ndoo yetu ilikaa zaidi ya mwaka, maji safi, ladha ileile. Nilipopeleka chupa maabara, yaliyochujwa na ya bomba yalikaribia kulingana. Hapo ndipo miradi mingi inapofia: ndoo inagawiwa kwa picha na makofi, wa kuja kupima hayupo.

Mwenye mtoto chini ya miaka 8, meno yake ya kudumu bado yanajengeka, anza na huyo. Wangu wanakunywa maji ya mvua ya bati. Tenki likikauka kiangazi, tunarudi kwenye ndoo, na chupa naipeleka maabara kila baada ya miezi mitatu.