Trabajaba au trabajé?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Natembeza watalii Zanzibar na najifunza Kihispania. Niliwaambia wageni «Trabajaba cinco años en un hotel», nikimaanisha nilifanya kazi hotelini miaka mitano, mmoja akanisahihisha: «trabajé». Mimi nilifundishwa kwamba kati ya nyakati mbili zilizopita, imperfekto (trabajaba) ni ya jambo lililochukua muda mrefu, na preterito (trabajé) ni ya jambo fupi. Kwani miaka mitano ni michache?

JIBU: Marahaba. Mnyambuliko wenyewe umeupatia, na vitenzi vinavyokaidi kanuni katika imperfekto ni vitatu tu: ser (kuwa), ir (kwenda) na ver (kuona). Tatizo ni hiyo kanuni ya "muda mrefu". Naikuta kwa wanafunzi kila mara, na inanichosha, maana si kanuni iliyorahisishwa, ni uongo mtupu. Wahispania husema «Los árabes estuvieron casi ocho siglos en España», Waarabu walikaa Hispania karibu karne 8, na kitenzi ni cha preterito. Karne 8!

Kinachoamua ni pale unaposimama ukilitazama tendo. Ukilitaja zima, mwanzo hadi mwisho, limekwisha fungwa: trabajé. Ukiwa ndani yake, bado linaendelea, jingine likatokea, hapo ndipo pa imperfekto: «Trabajaba en un hotel cuando conocí a mi mujer», nilikuwa nafanya kazi hotelini nilipokutana na mke wangu. Mtu akikuambia "nilikuwa nafanya kazi hotelini" kisha akanyamaza, si utamwuliza "ehe, ikawaje?" Sikio lako tayari linajua kwamba habari haijaisha. Litumie.

Ila halitakufikisha kila mahali. Kwa jambo la mazoea, Kiswahili kinaridhika na "kila Jumapili tulienda kwa bibi", wakati Kihispania kinataka íbamos, imperfekto ya ir. Na umri wa mtu wakati ule husemwa kwa imperfekto: «tenía veinte años», nilikuwa na miaka ishirini.

Wabaya zaidi ni wanaouza Kihispania cha siku 30 kwa orodha za maneno: ukiona siempre (daima) weka imperfekto, ukiona ayer (jana) weka preterito. Basi «Siempre quise ser médico», daima nilitaka kuwa daktari, yenye preterito, waiweke wapi? Na «Ayer llovía cuando salí», jana mvua ilikuwa inanyesha nilipotoka, yenye imperfekto? Zote mbili ni Kihispania safi. Mwanafunzi wangu mmoja alikuja na orodha ya aina hiyo kaibandika ndani ya jalada la daftari. Alitaka kueleza kwamba jana alitoka nyumbani mvua ikinyesha. Kwa kuwa aliona ayer, akaandika «Ayer llovió cuando salí», nami nikaelewa kwamba alipotoka ndipo mvua ikanyesha. Sarufi haina kosa, habari ndiyo imegeuka, na hakuna orodha ambayo ingemwonyesha hilo. Tuliibandua siku hiyohiyo. Ilipita miezi kabla hajaacha kutafuta neno la ishara kwanza, ndipo akaanza kujiuliza: mvua ilikuwa imeshaanza, au bado?