Ni "kiwango" au "pendekezo" la wavuti?

Swali: Natafsiri makala kuhusu W3C, shirika la viwango vya wavuti. Hati zao zilizokamilika wenyewe huziita kwa Kiingereza kwa neno lenye maana ya pendekezo, nami nikaandika "pendekezo". Mhariri amelifuta akaweka "kiwango". Mwenzangu ofisini anashikilia "usanifu". Nani yuko sahihi? (Mfasiri, Morogoro)

Jibu: "Usanifu" tuuondoe mapema. Huo ni ubunifu, kama usanifu wa majengo. Kukifanya kitu kiwe sanifu ni usanifishaji. (Na kijana akikuuliza "unanisanifu?" anamaanisha unamkejeli.)

Kesi ni yako na mhariri, na nusu ya haki unayo. Kwetu neno kiwango lina meno: Shirika la Viwango Tanzania likikuta bidhaa haikidhi, bidhaa hiyo inaweza kuondolewa sokoni. W3C, iliyoanzishwa na Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa wavuti, mwaka 1994, haina meno hayo. Miaka ile ya tisini watengenezaji wa Netscape na Internet Explorer, vivinjari vya kufungulia kurasa za wavuti, kila mmoja alikuwa akijitungia lebo zake, yaani alama za kuamuru ukurasa uonekaneje: huyu ana ya kufanya maandishi yawake na kuzima, yule ana ya kuyafanya yatembee kwenye skrini. Ukurasa uliopendeza katika kivinjari kimoja ulivurugika katika kingine, na hakuna aliyeweza kutozwa faini. Shirika liliweza kuandika tu, kujadiliana na wanachama wake, kisha kuwasihi watengenezaji wafuate. Ndiyo maana ya jina lile la unyenyekevu.

Lakini kwa Kiswahili pendekezo ni jambo ambalo kikao bado hakijalipitisha. Msomaji wako atadhani CSS, lugha ya kupamba kurasa za wavuti, ingali inasubiri kura, ilhali hati hiyo imeshapita rasimu, maoni na majaribio. Tena kwa miaka mingi W3C ilikuwa na hatua moja kabla ya hiyo ya mwisho, ambayo tukiifasiri neno kwa neno tunapata "Pendekezo Linalopendekezwa". Hapo mhariri yeyote angeshika kalamu nyekundu.

Mimi ningeandika "kiwango" katika maelezo yote, na "Pendekezo la W3C", kwa herufi kubwa, pale tu unapotaja hadhi ya hati: "CSS ni kiwango cha wavuti, toleo lake la kwanza lilitangazwa kuwa Pendekezo la W3C Desemba 1996." Lifafanue mara moja, inatosha.

Mwambie mhariri naye ajihadhari. Kiwango ni pia kadiri: kiwango cha sukari, viwango vya riba. Kichwa cha habari kikisema "Viwango vya intaneti vyabadilika", wengi watafikiria bei ya bando. Mara ya kwanza andikeni "viwango vya kiufundi".

Ukifika kwenye HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, utakutana na WHATWG, kundi la watengenezaji wa vivinjari lililoanza 2004, ambalo tangu makubaliano ya 2019 na W3C ndilo linaloitunza hati yake kuu. Wao huiita kiwango hai, kwa kuwa hurekebishwa kila mara bila kupewa namba ya toleo. Hapo "pendekezo" usiliguse. WHATWG wenyewe hawalitumii.