Wasomaji Wauliza: Ukubwa wa ndege wa msituni ni mbegu au ni chakula?

Assalaam alaykum. Nasomesha skuli hapa Konde, karibu na msitu wa Ngezi. Wanafunzi wameniuliza: kinda akitoka mdogo kiotani, ni kwa sababu wazee wake ni wadogo au kwa sababu alikosa kula? Niliwajibu "vyote viwili". Hawakuridhika, na wana haki. Mwalimu, Konde, Pemba.

Waalaykumu ssalaam, mwalimu. Jibu lako ni sahihi, ila limeacha jambo moja kubwa: chakula chenyewe ndicho kinachoamua urithi utaonekana kwa kiasi gani.

Wataalamu wana kipimo kiitwacho kiwango cha urithi, kinachoanzia 0 na kuishia 1. Kinaonesha ni sehemu gani ya tofauti za ukubwa baina ya ndege wa mahali fulani inayotoka kwenye tofauti za jeni. Kwa mfano, wazee wawili wakiwa na wastani wa mguu uliozidi wa wenzao kwa milimita 1, na kiwango cha urithi kikawa 0.5, watoto wao watarajiwe kuzidi wenzao kwa nusu milimita. Kiwango hichohicho kikishuka hadi 0.2, watoto watazidi kwa sehemu mbili tu za kumi za milimita. Wazee hawakubadilika wala jeni hazikubadilika, kilichobadilika ni mwaka.

Kwa nini kishuke mwaka wa njaa? Kwanza, kinda mwenye jeni za mwili mkubwa anahitaji chakula kingi zaidi ili afike anakoweza kufika. Kikikosekana, anasimama usawa mmoja na kinda aliyezaliwa kuwa mdogo, na tofauti yao ya jeni inafichika. Pili, njaa haigawiki sawa. Kiota kimoja kiko jirani na mti wenye viwavi, kingine hakina kitu, kwa hiyo tofauti zinazoletwa na mahali zinapanda na kuumeza mchango wa jeni. Tafiti za ndege wanaotaga kwenye masanduku ya viota huko Ulaya zimeonesha hivyo mara nyingi: makinda wakiongezwa kiotani ili kila mmoja apate kidogo, kiwango cha urithi cha ukubwa huelekea kushuka. Si sheria isiyovunjika, maana zipo tabia ambazo dhiki huzifichua badala ya kuzificha, lakini kwa ukubwa wa mwili ndio mwelekeo wa kawaida.

Kwa hiyo mwanafunzi akiuliza "urithi wa ukubwa wa chozi, yule ndege mdogo wa maua, ni asilimia ngapi?", mrudishie swali: chozi wa wapi, na wa msimu gani? Namba hiyo haiwi mali ya aina ya ndege. Ni ya mahali na wakati.

Kwa Ngezi, waoneshe pia kwamba ukame haumpigi kila ndege kwa njia moja. Chozi wa Pemba aliyekwisha kukua hunyonya nekta, yaani maji matamu ya maua, lakini makinda hulishwa wadudu na buibui, kwa sababu nekta haina protini ya kutosha kujengea mwili. Maua yanaweza kujaa na makinda bado wakadumaa, ikiwa wadudu ni haba. Ninga ni kinyume chake. Yeye hula matunda, na kama njiwa wote huwalisha makinda wachanga maziwa yanayotengenezwa kwenye gole, yenye protini na mafuta. Siku za mwanzo mzee ndiye anayebeba ugumu wa chakula kabla haujamfika mtoto. Mkiwapima ndege hawa wawili kwa mwaka uleule, msitarajie matokeo yalingane.

Nimesoma kwamba kinda mzito huishi zaidi ya mwepesi, na kwamba uzito hurithiwa. Mbona basi ndege hawazidi kuwa wakubwa kila kizazi? Mwanafunzi, Kitogani, Unguja.

Swali zuri sana, mwanangu, na limewashughulisha watu wazima kwa miaka mingi.

Kuna msitu uitwao Wytham, karibu na Oxford, Uingereza. Tangu 1947 watu wanafuatilia humo ndege mdogo mwenye kichwa cheusi na kifua cha manjano, Parus major, wanaotaga kwenye masanduku yaliyotundikwa mitini. Makinda hupimwa uzito na kuvishwa pete wakiwa na umri wa siku 15 hivi. Kumbukumbu za zaidi ya miongo mitatu zilipochambuliwa, mambo matatu yalionekana pamoja: uzito wa kinda anapotoka kiotani unarithiwa kwa kiasi, makinda wazito huokoka zaidi, na hata hivyo wastani wa uzito umeshuka. Sababu mojawapo ni kwamba ndege wameongezeka, na viwavi waliopo wanagawanywa kwa midomo mingi zaidi. Jeni zinavutia juu, chakula kinavutia chini, na kwa miaka hiyo chakula kimeshinda.

Kwenye kisiwa cha Gotland, Sweden, kumeonekana jambo la namna hiyo kwa Ficedula albicollis, ndege anayedaka nzi angani. Utafiti uliochapishwa 2001 ulionesha kuwa hali ya mwili wa makinda imeshuka huku makadirio ya thamani yao ya kijeni, yaani kile ambacho jeni zao peke yake zingewapa, yakipanda. Hapo pana tahadhari. Thamani ya kijeni haipimwi kwa mizani, inakadiriwa kutokana na ukoo, na ukiyachukua makadirio kana kwamba ni vipimo utajiona una uhakika kuliko ulio nao.

Sasa tazama palipotokea kinyume. Kisiwa cha Daphne Major, katika visiwa vya Galápagos kwenye Bahari ya Pasifiki, si msitu, lakini mfano wake ni wazi kuliko wote. Mwaka 1977 mvua zilikosekana. Mbegu ndogo laini zikaisha, zikabaki kubwa na ngumu, zikiwemo za mbigili, jamaa wa hii inayotuchoma miguu pwani. Ndege wengi wa Geospiza fortis, ambao ni wadogo na hula mbegu, walikufa, na waliookoka walikuwa kwa wastani wakubwa na wenye mdomo mnene. Kwa kuwa unene wa mdomo wa ndege hao hurithiwa kwa zaidi ya nusu, watoto waliozaliwa 1978 walikuwa na mdomo mnene zaidi kwa karibu asilimia 4 kuliko kizazi cha kabla ya ukame. Halafu ikaja mvua kubwa ya El Niño ya 1982 na 1983, mbegu ndogo zikatapakaa, na kufikia 1985 wadogo ndio waliokuwa wanafaidika.

Kwa hiyo chakula kina kazi mbili, usizichanganye. Kiotani kinaamua mwili utafika wapi. Ukubwani kinaamua nani atabaki aje kuzaa. Kazi ya kwanza haigusi jeni za kizazi kijacho moja kwa moja. Ya pili inazigusa. Na zinaweza kwenda pande tofauti ndani ya mwaka mmoja.

Nilinunua mayai ya kuku kuchi kwa bei ya juu, nikamwatamisha koo wangu wa kawaida. Vifaranga wamekua wafupi, miguu yao haina tofauti na ya kuku wangu. Nimedanganywa mbegu, au nimewalisha vibaya? Mama wa Wete.

Bibi, si ndege wa msituni, lakini swali lako ndilo lilelile, na kuku wanakuwezesha kulijibu kwa mkono wako.

Uwezekano wa kwanza ni jogoo. Mtetea huhifadhi mbegu za jogoo mwilini kwa wiki mbili, hata tatu. Ikiwa muuzaji alimtenga mtetea na jogoo wa kawaida juzijuzi tu, baadhi ya mayai hayakuwa ya kuchi halisi. Msituni ni hivyohivyo: dume anayelisha kiotani si lazima awe baba wa makinda wote. Ndiyo maana ukimlinganisha kinda na dume wa kiota peke yake, urithi huonekana mdogo kuliko ulivyo.

Uwezekano wa pili ni chakula cha wiki 8 za mwanzo, wakati mifupa ya miguu inakua kwa kasi. Pumba tupu inajaza tumbo ila protini yake ni ndogo. Kifaranga anahitaji chakula chenye protini ya asilimia 20 hivi, kwa hiyo changanya dagaa waliosagwa, na mchwa ukiwapata. Machicha ya nazi yanasaidia, lakini yape siku ileile. Yakilala huota kuvu.

Ili ujue ni lipi kati ya hayo, tafuta mayai 10 au 12 ya mitetea wawili au watatu wa kuchi, yasiyozidi siku 7, na mengine ya mitetea wako. Yaandike kwa penseli, si kwa kalamu ya wino. Uwe na koo wawili walioanza kuatamia pamoja, na kila mmoja mpe nusu ya kuchi na nusu ya kawaida. Siku ya 21 wakianguliwa, wavishe uzi wa rangi mguuni, na uulegeze kila wiki, la sivyo utakata ngozi. Kundi moja lilishe kama ulivyozoea, jingine uliongeze protini. Wiki ya 8 pima urefu wa muundi kwa kalipa (kifaa cha kupimia urefu mdogo kwa usahihi), kila kuku mara tatu, mpimaji awe mmoja. Uzito upime asubuhi kabla hawajala, maana gole lililojaa linadanganya mizani. Linganisha majike kwa majike na madume kwa madume.

Wa kuchi wakiwazidi wenzao katika kundi lililoshiba tu, mbegu ni nzuri na ulaji ndio ulioificha. Wasipozidi popote, shuku mbegu. Waliokufa njiani nao waandike. Wakifa zaidi wadogo, waliobaki watakuonesha wastani mkubwa usio wa kweli.

Mwalimu wa Konde, jaribio hili linafaa skuli yako. Ndege wa Ngezi msiwakamate bila kibali cha idara ya misitu na mtu aliyefunzwa kushika ndege, kwa sababu kinda aliyebughudhiwa karibu na siku ya kuruka hutoka kiotani kabla ya wakati na wengi hawafiki mbali.

Nikiwamwagia ndege wali na mkate uani kila siku, watazaa watoto wakubwa? Msomaji, Michenzani.

Unene wa kushiba hauingii kwenye jeni. Lakini jike aliyelishwa vizuri anaweza kutaga mayai makubwa zaidi, na kinda wa yai kubwa huanza maisha akiwa mzito. Hiyo ni athari ya mama, na mtu asiyejihadhari huihesabu kuwa urithi. Pia wali na mkate si chakula cha kukuzia kinda, havina protini ya kutosha, na anayewahi kuvila uani ni kunguru, ambaye naye hula mayai na makinda ya ndege wengine. Panda mti wa matunda na uache kona ya ua isinyunyiziwe dawa ya wadudu.