Ukienda Kuhesabu Wanyama Katavi, Andika na Sifuri

Kila mwaka mvua zikianza kukata, mwezi wa nne hivi, napata ujumbe kutoka kwa vijana waliomaliza vyuo vya Mweka, SUA au Pasiansi, na wengine bado wako chuoni. Swali lao ni lile lile: "Dada, nimepata kazi ya utafiti porini kiangazi hiki, nijiandae vipi?" Nimefanya misimu mitatu ya kiangazi Katavi nikiwa msaidizi wa utafiti wa wanyamapori. Leo nawajibu wote kwa pamoja.

Mahali kwanza. Hifadhi ya Taifa ya Katavi ilitangazwa 1974 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 4,471. Serengeti watu hupishana na magari ya watalii, lakini Katavi unaweza kumaliza wiki bila kuona sura ngeni. Kutoka Tabora unapanda treni ya Mpanda, kisha unatafuta gari hadi Sitalike, yalipo makao makuu ya hifadhi. Mkishaingia ndani kuelekea kambini, duka la mwisho mmeliacha. Betri, sabuni, dawa ya kuharisha, miwani ya akiba kama unavaa miwani: kisichokuwa begini mwako hutakipata mpaka gari lirudi mjini, na gari hurudi likipata sababu.

Wengi huenda wakiwa na simba kichwani. Kazi yenyewe ni kutembea. Mradi huchora mistari kwenye ramani, kila mmoja kilomita kadhaa, na mistari hiyo haikwepi kichaka wala bonde. Alfajiri mnaondoka watu watatu: afande, yaani askari wa wanyamapori, na bunduki yake mbele, wa pili ana GPS na dira, wa tatu ana fomu. Mkiona kundi mnasimama. Mnahesabu, mnapima umbali, mnasoma dira, mnaandika saa, mnaendelea. Mwezi wa nane majani ya miombo yamekauka na kila hatua inapiga kelele, kwa hiyo wanyama wanawasikia mapema. Kuna asubuhi mtatembea kilomita tano mkaona ngiri wawili. Kuna asubuhi hamtaona chochote.

Asubuhi kama hiyo ndiyo iliyonifundisha kazi. Ilikuwa wiki yangu ya pili. Tulimaliza mstari mzima bila mnyama hata mmoja, nikarudi kambini nikapumzika. Jioni mtafiti mkuu akaniuliza fomu ya leo iko wapi. Nikamwambia sikuijaza kwa kuwa hatukuona kitu. Alikaa nami mezani karibu saa nzima. Akachora mistari kumi kwenye karatasi, sita ina wanyama, minne haina. Akasema, ukitupa hii minne, wastani wa wanyama kwa kila mstari unapanda palepale, na hifadhi itaonekana imejaa palahala na korongo, wale swala wakubwa, kuliko ilivyo. Miaka mitano baadaye mwenzako atahesabu vizuri, aandike na mitupu, na watu watadhani wanyama wameisha ghafla. Au watakuwa wamepungua kweli, na hakuna atakayejua walianza kupungua lini.

Kwa hiyo, mdogo wangu, andika sifuri. Andika tarehe, namba ya mstari, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, majina yenu, na sifuri. Mstari mtupu ni kazi kamili.

Umbali nao usikisie. Jicho huona wanyama walio karibu na mstari na huwakosa wengi walio mbali, na hesabu za baadaye hutumia ule umbali kukadiria ni wangapi mliowakosa. Ukizoea kuandika 50 na 100 kwa sababu ni namba nzuri, umeharibu hesabu yote na hakuna atakayegundua haraka. Na usiahirishe kuandika. Mimi niliwahi kujaza sehemu ya fomu usiku kwa tochi. Nikaandika swala pala 17, afande akasema walikuwa 14. Ukurasa ulipigwa mstari, na baada ya siku mbili tulirudi kutembea njia ile ile, watu watatu, kwa ajili ya uvivu wangu wa dakika mbili. Tangu hapo naandika nikiwa nimesimama palepale, kwa penseli, maana wino wa kalamu hutawanyika jasho likidondokea karatasi.

Sasa afande. Vijana wenye digrii wakati mwingine humchukulia kama mlinzi tu. Usifanye hivyo. Mwezi wa kumi tulikuwa tunahesabu viboko Ikuu, kwenye mto Katuma. Kiangazi kikikolea mto huo hukatika na kubaki madimbwi, na maji yanayochotwa huko juu kwa mashamba ya mpunga yanauongezea ukame. Viboko wanasongamana kwa mamia kwenye tope, mgongo juu ya mgongo, ngozi imepasuka kwa jua, na wanapigana usiku kucha. Kuwahesabu ni kazi, kwa sababu anayezama akiibuka pengine hujui kama umemhesabu. Nikasogea ukingoni nione vizuri. Nikahisi mkanda wa begi langu umevutwa nyuma. Afande, mzee wa Kipimbwe, hakusema neno, alinionyesha kwa kidevu chini ya mahali nilipokuwa nataka kukanyaga. Ukingo ulikuwa na shimo, na mdomoni mwa shimo ilionekana pua ya mamba, imekauka tope, imetulia kama kipande cha gogo. Maji yakiisha mamba wa Katuma hujificha kwenye mapango ya kingo mpaka mvua zije. Mzee akasema, "Mwanangu, hesabia kule." Nikahesabia kule.

Yeye ndiye aliyenifundisha kutofautisha kinyesi cha nyati cha jana na cha leo, na ndiye aliyenieleza habari za mkwaju wa Katabi, mwindaji wa kale ambaye inasemekana roho yake inaishi humo, ambapo wenyeji huacha sadaka. Mkipita pale, fuata anavyofanya yeye.

Mbung'o. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu nimeona watu wakiomba kurudi nyumbani siku ya tatu. Mbung'o wa Katavi anauma mchana, anatoboa jinzi, na hulifuata gari linalotembea. Anavutwa na rangi ya bluu na nyeusi. Vile vitambaa vya bluu na nyeusi utakavyoviona vimetundikwa kando ya barabara ni mitego yenye dawa, basi usivae nguo ya rangi ya mtego. Vaa kaki au kahawia isiyokolea, shati la mikono mirefu, kitambaa kinene. Na ukirudi nyumbani ukapata homa au kichwa kikakuuma mfululizo, hata wiki kadhaa baadaye, mwambie daktari ulikuwa pori lenye mbung'o na uombe upimwe malale pia. Kipimo cha malaria peke yake hakitoshi.

Kamera za kutegwa mtini ni rahisi kuliko zinavyoonekana. Zinashtuka kwa joto linalosogea, kwa hiyo fyeka nyasi zilizo mbele, la sivyo utarudi na picha elfu mbili za nyasi zikiyumba juani. Ielekeze kaskazini au kusini ili jua la asubuhi na la jioni lisiipige usoni. Hakiki saa na tarehe kabla ya kuondoka. Tembo ataing'oa moja au mbili, hilo halizuiliki.

Kwa wasichana, nami nilikuwa peke yangu kambini msimu mzima wa kwanza: beba pedi za msimu wote. Zilizotumika zichomwe moto, zisifukiwe, kwa kuwa fisi hufukua. Dai hema lako mwenyewe kabla hujasafiri, kwa maandishi. Na mjue kabisa ni nani ofisini, nje ya kambi, wa kumpigia simu mtu akikukosea adabu. Sisi mtandao tuliupata juu ya kichuguu kimoja tu, na mama yangu alijua kwamba simu yangu huita Jumapili jioni.

Fedha. Kuna mradi mmoja ulionilipa miezi mitatu baada ya msimu kwisha, nami nilikuwa nimekubali kwa mdomo tu. Omba mkataba unaotaja posho kwa siku, tarehe ya kulipwa, bima, na nani anagharamia kukutoa porini ukiugua usiku. Uliza pia kama vibali vya utafiti vya COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori) vimekamilika. Mkuu wa mradi aliye makini hatachukia maswali hayo.

Anza kuulizia mwezi wa tatu, kwa sababu barabara zikikauka mwezi wa sita timu nyingi zimeshapata watu. Kwenye barua yako taja alama za chuo kwa ufupi, kisha eleza unachoweza kufanya kwa mikono: kuendesha gari kwenye tope, kupika kwa kuni, kutambua miti kama mninga na mtundu hata ikiwa haina majani. Mimi niliandika kwamba naweza kubadilisha tairi la Land Cruiser peke yangu. Siku ya nne, katikati ya njia ya kwenda ziwa Chada, nikapewa jeki.