Maswali na majibu: kufuatilia unywaji pombe na uvutaji bangi duru hadi duru

Safu hii inajibu maswali ya wasomaji wa Lindi na Mtwara wanaowahoji watu walewale zaidi ya mara moja; kila awamu ya mahojiano tunaiita duru.

Mwanafunzi wa uzamili, Newala: Nimehoji watu 120 mara nne: Agosti, Novemba, Februari na Mei. Unywaji ulipanda Novemba, na Mei umeshuka sana. Mafunzo ya kupunguza pombe tulitoa Februari. Niandike kwamba yamefaulu?

Usiandike hivyo bado. Novemba korosho zinavunwa, mabibo (matunda ya mkorosho) yamejaa shambani, uraka, yaani pombe ya mabibo, uko kila kona na pesa za mnada zimeanza kuingia mikononi. Mei hayo yote yamekwisha, kwa hiyo unywaji ungeshuka hata kama hakuna aliyefundishwa. Kinachoweza kukuokoa ni vijiji vya kulinganisha ambavyo havikupata mafunzo, vikihojiwa wiki zilezile. Kama huna, rudi Novemba ijayo ulinganishe Novemba na Novemba. Ushahidi wake ni dhaifu zaidi, maana msimu mmoja wa korosho haufanani na mwingine kwa mavuno wala kwa bei. Kwenye modeli, yaani hesabu ya kitakwimu unayochambulia data, mwezi uingie kama makundi. Ukiuingiza kama mstari ulionyooka, kilima cha msimu kitafichika. Tena andika tarehe halisi ya kila mahojiano. Maneno "duru ya pili" hayatoshi: mvua ikikata barabara, duru moja huvutika wiki sita, na nusu ya watu wako watakuwa wamehojiwa ndani ya msimu, nusu nje.

Muuguzi, Nachingwea: Tulianza na watu 100 walioamua kuacha pombe. Baada ya miezi sita tumewapata 70, na 35 kati yao hawanywi. Tuseme asilimia 50 au 35?

Ukisema 50, umedhani waliopotea wanafanana na waliopatikana. Ukisema 35, umedhani wote 30 wamerudia pombe. Kama wote 30 wangekuwa wameacha, ungepata 65. Basi ukweli uko kati ya 35 na 65, na ripoti inayoficha upana huo inamdanganya msomaji.

Wengi hushika ile ya "aliyepotea amerudia" wakiamini ni tahadhari. Tatizo huja ukilinganisha makundi mawili: kundi lililopoteza watu wengi litaonekana limeshindwa, hata kama watu wake wamehamia tu Kilwa kuvua. Kumjazia aliyepotea jibu lake la mwisho nako hatukushauri, kwa sababu kunamgandisha mtu ambaye hali yake inabadilika.

Fanya hivi. Kwanza linganisha waliopotea na waliobaki kwa majibu ya duru ya kwanza: umri, kazi, kiasi walichokunywa. Pili, tumia modeli mchanganyiko inayotumia kila jibu lililopo bila kumtupa mtu aliyekosa duru moja, au jaza mapengo mara nyingi kwa makadirio tofauti, walau nakala 20 za data, kwa kifurushi cha mice kwenye programu ya takwimu ya R. Njia zote mbili zinadhani kwamba upoteaji unaelezeka kwa data uliyonayo. Lakini mlevi anaweza kukukimbia kwa sababu ya ulevi wenyewe, na hilo data haikuonyeshi. Kwa hiyo, tatu, rudia hesabu ukidhani uwiano wa wanaokunywa kwa wasiokunywa (odds) miongoni mwa waliopotea ni mara 2, kisha mara 3 ya ule modeli inaotabiri, na useme matokeo yanageukia wapi.

Afisa maendeleo ya jamii, Masasi: Nilipima tofauti kwa jaribio la t (kipimo cha kulinganisha wastani wa makundi mawili) kila duru, kana kwamba ni watu wapya. Kuna ubaya?

Upo. Majibu ya mtu mmoja hufanana, na jaribio hilo halilijui hilo. Kipimo cha uhakika unachopata si sahihi: ukilinganisha duru na duru, kinaweza hata kuficha badiliko lililopo. Panga data mstari mmoja kwa kila mahojiano, weka namba ya mtu, kisha mpe kila mtu kianzio chake kwenye modeli (kifurushi cha lme4 cha R kinatosha).

Mtafiti msaidizi, Lindi mjini: Swali la "siku ngapi ulikunywa kati ya 30" limejaa sufuri. Wastani unanichanganya.

Una watu wa aina mbili ndani ya safu moja. Gawa swali: alikunywa au hakunywa, na kama alikunywa, siku ngapi. Modeli ya sehemu mbili hufanya hivyo, na mara nyingi mafunzo hugusa sehemu moja tu. Ukitaka gramu, zidisha mililita kwa asilimia ya kilevi kwa 0.79: bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20. Kwa uraka na gongo usijaribu bila kupima, kwani nguvu hutofautiana kwa kila mpikaji. Hesabu siku.

Mratibu wa mradi, Mtwara mjini: Nahitaji watu 200 mwishoni. Nianze na wangapi?

Ukitarajia kupoteza robo, gawanya 200 kwa 0.75: ni 267. Usiongeze robo ya 200, utapata 250 na mwishoni utabaki na 187 au 188. Siku ya kwanza chukua kwa kila mhojiwa namba tatu za simu, moja ya ndugu asiyehama, na jina la shamba anakolala wakati wa mavuno. Ukimpigia ndugu huyo, sema unamtafuta kwa mahojiano ya afya. Usitaje bangi. Orodha ya majina ikae kabati tofauti na madodoso.