Maswali ya Wasomaji: Asidi Amino na Kutu ya Ngano

SWALI: Nilipoona vipele vya rangi ya chungwa kwenye majani ya ngano, nilipuliza asidi amino, maana nilisoma kwamba huupa mmea kinga. Wiki moja baadaye kutu ilishafika majani ya juu. Dawa ilikuwa mbovu, au nilikosea kipimo?

JIBU: Huenda dawa ni nzima na kipimo ni sawa, ila ulichelewa. Asidi amino, yaani vijenzi vya protini, haiui kuvu inayoleta kutu. Huiandaa ngano yenyewe ijitetee, na maandalizi hayo yanataka siku kadhaa. Fenilalanini, kwa mfano, ni malighafi ya lignini inayokaza kuta za seli, na ya kemikali nyingine za ulinzi wa jani. Kipele unachokiona leo ni cha kuvu iliyoingia wiki moja au mbili zilizopita. Hapo hakuna tena mlango wa kufunga.

Kutu ikishaonekana, tumia kiuakuvu cha kundi la triazoli, kama tebukonazoli, na uzingatie siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Msimu ujao, puliza asidi amino majani yakiwa bado safi: mara ya kwanza shina linaporefuka, ya pili jani bendera, yaani la mwisho juu kabisa, linapokunjuka lote. Jani hilo na mawili yaliyo chini yake ndiyo hasa yanayojaza punje, kwa hiyo ulinde hayo kwanza. Hata hivyo usiitegemee peke yake kwa mbegu isiyostahimili kutu.

Dawa nyingi za asidi amino hupimwa mililita 2 kwa lita ya maji, yaani 40 kwa bomba la lita 20, lakini lebo ndiyo mwamuzi. Ukizidisha, ncha za majani huungua, hasa kama dawa ilitengenezwa kwa kuchemsha protini katika asidi kali: ukali wa asidi ukishaondolewa kwa alkali hubaki na chumvi nyingi, triptofani (mojawapo ya asidi amino) huharibika, na sehemu ya asidi amino hutoka umbo la asili la L na kugeuka umbo la D, lililo kama taswira yake kwenye kioo, ambalo mmea hulitumia kwa shida. Tafuta lebo inayotaja asidi amino huru za umbo la L.

Puliza asubuhi na mapema au jioni, jua kali likaushapo matone kabla hayajanywewa hupati kitu. Na tafadhali usichanganye na dawa ya shaba! Asidi amino huikamata shaba na kuiingiza ndani ya jani, nalo huungua.

SWALI: Je, nikitumia asidi amino naweza kupunguza mbolea ya nitrojeni?

JIBU: Hapana. Lita 2 kwa hekta, hata dawa ikiwa na nitrojeni asilimia 8, hutoa takriban gramu 200 tu, wakati ngano huhitaji makumi ya kilo. Ila usiimwagie nitrojeni kupita kiasi pia: majani hulainika na kusongamana, unyevu hukaa, na kutu pamoja na ubwiri unga hustawi humo.